Majeraha Niliyotengeneza na Yale Niliyofunika

Neema na Salha, mlipokuja kwangu kujifunza kazi niliwasemesha Kiswahili nanyi mkanijibu Kiswidi, siku zote. Sasa nimestaafu, siwezi tena kuwasumbua studio, kwa hiyo nawaandikia, na nawaandikia kwa Kiswahili kusudi mtoke jasho kidogo. Mkikwama waulizeni mama zenu. Mmerithi sanduku langu la brashi, sifongo na chupa za damu ya bandia, na ni haki yenu kujua mwenyewe alilitumiaje.

Ya vyeo na mshahara sitayasema. Vyeo sikupata, na mshahara mnaujua, ndio huo huo mnaoulalamikia.

Nilikuja Stockholm msichana wa Tanga, nisomee uuguzi. Uuguzi ukanishinda, si kwa ajili ya damu, kwa ajili ya lugha. Nikaenda kufagia uwanja wa ndege, nimepanga chumba Märsta, na baada ya muda kampuni ya usafi ikanihamishia kwenye ghala moja kubwa. Hakuna aliyeniambia kwamba ghala lile ni studio ya filamu. Niliambiwa sakafu, ndoo, sabuni. Siku ya kwanza nikafungua mlango nikakuta jiko la mtu limetapakaa damu, ukutani, mezani, mpaka kwenye kabati la vikombe. Nikajiuliza, hivi nchi hii watu wakiuana anaitwa mfagiaji kabla ya polisi? Lakini nilikuwa kwenye majaribio ya kazi, na mtu wa majaribio haulizi maswali. Nilikunja mikono nikasugua asubuhi nzima. Jiko likang'aa.

Kumbe walikuwa wamepiga picha nusu tu ya tukio, nusu nyingine ilikuwa mchana ule ule. Muongozaji wa filamu alipoingia alikaa chini sakafuni kama mtu aliyefiwa. Aliyeniokoa ni mzee Bertil, fundi wa damu na majeraha wa studio, mwembamba, mwenye wekundu kwenye kucha usiotoka kwa sabuni yoyote. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama nakumbuka kila tone lilikuwa wapi. Nikamjibu, nimelisugua moja moja nimepiga magoti, nitasahauje? Basi tukalirudisha jiko katika uchafu wake, mimi naonyesha, yeye anarusha kwa mswaki. Wiki iliyofuata akaomba nihamishiwe kwake. Hiyo ndiyo elimu yangu. Wengine wana vyeti.

Bertil alinifundisha kuchanganya damu kwa sharubati nzito ya mahindi, rangi ya chakula, tone moja la bluu, na kahawa iliyobaki kwenye birika baada ya mapumziko. Bila kahawa damu huwa na furaha mno, alisema. Alinifundisha kwamba pigo la jana ni zambarau, la wiki iliyopita ni la manjano, na anayewapaka rangi moja hana macho. Zaidi ya yote alinifundisha kuuliza kabla sijagusa brashi: nani alimpiga, kwa mkono gani, na huyu aligeuka upande upi. Mzee yule alikuwa akitengeneza jeraha mpaka unamwonea huruma mwigizaji, naye mwigizaji anakula mkate wake hana habari. Alipofariki nikabaki na sanduku na swali lake.

Nimewaua watu wengi kuliko kipindupindu. Wengi wao kwenye theluji, maana theluji inaonyesha damu vizuri, na wenye fedha za filamu hapa wanaipenda theluji kuliko sisi tunaoikanyaga.

Riziki nilimkuta kwenye chumba cha mavazi. Ninyi mlimwona mwishoni, msibani, amekwisha kuwa kimya, mkadhani ndivyo alivyo. Hapana. Alikuwa Mkongo wa Bukavu mwenye kicheko cha kufungua milango, fundi cherehani asiye na mfano. Mnajua wenyewe, mtu anayepigwa risasi mara moja kwenye filamu hupigwa mara sita mbele ya kamera, na kila mara anataka shati jipya. Riziki alishona mashati sita yanayofanana, akayachana kidogo mahali pamoja, mimi nikaweka mfuko wa damu nyuma ya ule mpasuo. "Dada Mwanaidi," alikuwa akisema, "wewe unatoboa, mimi nashona, bote tunakula." Aliishi Norsborg na wanawe wawili. Josué, mkubwa, alikuwa dereva wa folklifti, kile kigari cha kuinulia mizigo, kwenye ghala moja karibu na Märsta. Elie, mdogo, alikuwa anasomea umeme. Baba yao alikufa wakiwa bado kambini, kabla ya kuja huku.

Filamu yangu ya mwisho ilikuwa ya kisasi. Polisi mstaafu anauliwa binti yake, wenzake wanazembea, baba anatoa bunduki kabatini na kuwafuata wauaji mmoja mmoja katika Stockholm nzima, mpaka wa mwisho anamkuta ghalani. Niliusoma mswada nikiwa na kalamu, kama nilivyowafundisha, naandika pembeni mwa kila maiti: shingo, tumbo, paji la uso. Nilipomaliza nikamwambia Riziki, nimetafuta mama za hawa marehemu, hakuna hata mmoja mwenye mama.

Akacheka. "Kama bangekuwa na bamama, hiyo filme haingeisha."

Tulikuwa katikati ya kazi hiyo Elie alipouawa. Alipigwa risasi nje ya kituo cha treni Norsborg, mchana kweupe, mkononi ana mfuko wa mkate na maziwa. Waliomuua walikuwa wanamtafuta kijana mwingine mwenye koti kama lake. Josué ndiye aliyempigia mama yake simu kazini. Riziki alisikiliza, akaweka mkasi mezani taratibu, akaniuliza kama kuna mtu anaweza kumalizia kola ya shati lililokuwa kwenye cherehani. Halafu ndipo akaanguka.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana haya hamtayakuta kwenye gazeti. Kwetu Tanga maiti haisubiri. Kwao Bukavu pia, siku mbili tatu mtu yuko ardhini, matanga yanaanuliwa, watu wanarudi makwao, na hasira yao imeloa machozi. Hapa mwili wa Elie ulikuwa kwa polisi na madaktari wao, na baada ya polisi kukawa na foleni ya makaburi. Wiki zikapita. Na mila inasema matanga hayaanuliwi kabla mwili haujazikwa. Basi watu wakakaa. Nyumba ya vyumba viwili ghorofa ya tano, akina mama jikoni na sombe, kisamvu cha kwao, na fufu, wazee na kwaya sebuleni, na katika chumba cha Elie, mlango umefungwa, Josué na vijana.

Nilikwenda kila nilipotoka kazini. Kila nilipokwenda nilikuta vijana wale wale. Wiki ya kwanza walikuwa wanalia mle ndani, nilikuwa nawasikia nikipita kwenda kunawa mikono. Baadaye hawakulia tena. Walizungumza kwa Kiswidi, sauti za chini, na maneno mawili yakawa yanarudi: jina la mtaa, Hagsätra, na jina la mtu, Divin.

Nilimwendea mzee Paluku, mzee wa kanisa lao, mtu wa heshima aliyekuwa anaongoza msiba. Nikamwambia, mzee, waruhusu watu waende majumbani, tutakutana siku ya kuzika. Huu msiba umekuwa mrefu, na mle chumbani si msiba tena.

"Mama Mwanaidi," alinijibu, "tukitawanya batu, huyu mama atabakia na nani? Batasema kanisa limemutupa na maiti yake haijazikwa."

"Mzee, kwetu matanga yalikuwa mafupi kwa sababu hatukuwa na friji za maiti. Mila haikujua kama kuna friji."

"Basi mila ifanye nini? Ikimbie?"

Naye alikuwa anasema kweli. Riziki asingeweza kuvumilia nyumba tupu. Tukaendelea kukaa.

Siku polisi waliporuhusu mwili uchukuliwe, Riziki aliniita jikoni, akawatoa akina mama wengine, akanishika mikono yote miwili. Risasi ilikuwa imepita chini ya jicho la Elie. Wafanyakazi wa nyumba ya mazishi walishauri jeneza lifungwe, kama wanavyofanya watu wa hapa. Riziki hakutaka. Kwao mtu anaagwa uso kwa uso.

"Umufunike hiyo kidonda," alisema. "Si kwa ajili yangu. Mimi nilimuzaa, nitamuangalia hata vile. Ni kwa ajili ya Josué. Akimuona mudogo wake amelala, na yeye roho yake italala. Nimebakia na mumoja, dada. Unisaidie huyu mumoja."

Niliwahi kupewa kazi nyingi ngumu, hakuna iliyonitia hofu kama ile. Nilijua anachoniomba hakimo kwenye sanduku. Nikamwambia nitafanya.

Kwa faida yenu nitasema namna ilivyofanyika, siku moja mtaombwa. Ngozi ya maiti haina joto, kwa hiyo rangi hailainiki yenyewe, lazima uipashe kwanza kiganjani mwako. Tundu linajazwa nta, linasawazishwa na kijiko kidogo, halafu unarudisha vinyweleo kwa ncha ya sindano, maana uso usio na vinyweleo ni sahani. Kisanduku cha rangi cha nyumba ya mazishi kilikuwa na rangi za ngozi za Waswidi peke yake, rangi ya mvua na rangi ya jibini. Nilichukua zangu.

Nilikuwa karibu kumaliza Josué alipoingia. Alikuwa kijana mkubwa, mpole, mwenye tabia ya kuinamisha kichwa anapoongea na watu wazima. Hakuinamisha. Akaongea Kiswidi, isipokuwa lile neno Tantine, yaani shangazi.

"Tantine, usifunike. Wacha watu waone walichomfanya."

"Mama yako ndiye aliyenituma."

"Mama hataki kujua. Polisi wanajua majina, hawafanyi kitu. Kila mtu anajua majina."

"Na wewe utafanya nini?"

Akainyoosha kola ya shati la ndugu yake. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitegemea. "Yule mzee wa kwenye filamu yenu. Akishawaua wote, anasikiaje?"

"Hasikii kitu. Anavuliwa shati. Mama yako anamshonea jingine, tunarudia."

"Sikutanii, Tantine."

"Wala mimi sikutanii. Mwanangu, nimeifanya kazi hii maisha yangu yote, sijaona jeraha lililofunga kwa sababu jingine limefunguka. Kwenye mswada limeandikwa hivyo kwa sababu filamu lazima iishe watu warudi nyumbani. Wewe ukitoka kule hutarudi nyumbani. Mama yako amebaki na nani?"

Alimwangalia ndugu yake muda mrefu. Machozi yakamtoka, na mimi nikamshukuru Mungu kwa machozi yale, nikidhani ndiyo yenyewe. Nikaichukua brashi nikamaliza shavu.

Siku ya mazishi, kanisa likajaa mpaka nje. Jeneza lilifunguliwa, watu wakapita kuaga, na kila aliyepita alisema neno lile lile, amelala. Akina mama walinishika mabega wakanishukuru. Riziki aliinama akamgusa mwanawe shavuni kwa mgongo wa kidole, pale pale, na nta haikusogea. Kusema haki ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Josué alipita wa mwisho. Alisimama, akatazama, akanigeukia nilikokuwa nimekaa.

"Umemfuta," alisema, kwa Kiswahili, akaenda kukaa na vijana wenzake.

Matanga yakaanuliwa Jumapili. Wiki ile ile Josué alikwenda Hagsätra, akamsubiri kijana anayeitwa Divin nje ya duka, akampiga risasi ya shingo. Divin alikuwa mtoto wa mama mmoja Mrundi, alikuwa anafanya kazi ya kupeleka chakula kwa baiskeli. Kama alikuwepo Norsborg siku ile au hakuwepo, mpaka leo naandika haya hakuna aliyethibitisha. Josué alirudi kazini kesho yake akaendesha folklifti, polisi wakamkuta hapo hapo. Safari hii hawakuchelewa.

Siku hiyo tulikuwa tunapiga tukio la mwisho la filamu, baba na muuaji wa mwisho ghalani. Muongozaji, kijana mwenye adabu zake, aliniita pembeni akaniambia, Mwanaidi, haitoshi, watu wamesubiri saa mbili kuiona hii, ongeza damu. Nikaongeza. Akasema bado. Nikachukua ndoo. Nasikia sehemu hiyo watu hupiga makofi. Mimi filamu hiyo sijaitazama na sitaitazama.

Riziki hakurudi kazini. Nilimkuta nyumbani kwake amekaa sebuleni kwenye viti ambavyo kanisa lilikuwa limeazima kwa msiba na halijavichukua. Safari hii hakukuwa na watu. Kwa mtoto aliyekufa walikuja wote, kwa mtoto aliyeua hakuna matanga. "Nilikuwa na batoto babili," alisema. "Mumoja nimemuzika, mwingine nitamuangalia kwa kioo ya gereza." Nilikaa naye, tukanywa chai.

Mwili wa Divin nao ulikaa kwa polisi. Wiki zikapita, matanga Hagsätra yakaendelea, maana Warundi nao hawaanui kabla mwili haujazikwa. Halafu mama yake akanipigia simu. Alisema ameambiwa kwamba mimi ndiye niliyemtengeneza mtoto wa Norsborg, na ananiomba kwa jina la Mungu nije na kwa wake. Nilimpigia Riziki kumwambia, nikiogopa. "Enda," akasema. "Umufanyie muzuri kama Elie. Labda kwao itasaidia."

Nilikwenda na sanduku langu. Mama Divin alikuwa mwanamke mfupi, amevaa kitenge cheusi, amesimama wima kama mtu anayeogopa kwamba akikaa hatainuka tena. Nyuma yake alikuwa mdogo wake wa kiume, mjomba wa Divin, na mdogo wake Divin, kijana aliyemaliza shule mwaka ule. Nikampa pole kwa mikono miwili. Nikafunua shuka, nikaangalia shingo. Jeraha lilikuwa limekauka, limejikunja, limekuwa jeusi na dogo, halizidi kifungo cha shati. Nikamwambia, mama, hili ni rahisi, nitalifunika, hata ukimbusu hutaliona.

"Sikukuita ulifunike," alisema.

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Liangalie. Limekuwa dogo. Watu watapita hapa waseme mtoto wangu amekufa kwa hiki?" Sauti yake haikutetemeka. "Mimi nililiona siku ile, barabarani. Lilikuwa hivi." Akanionyesha kwa mkono. "Wameniambia wewe ni fundi, unatengeneza kwenye filamu mpaka watu wanafumba macho. Nilifanyie. Lirudishe kama lilivyokuwa, watu wote waone."

Nilifunga sanduku. Nikamwambia, mama, nisamehe, hilo siliwezi. Nikamwambia nimekwishaona mahali jambo hili linakokwenda. Nikamsihi kwa ajili ya huyu aliyebaki, nikamwonyesha kwa macho, kijana alikuwa amesimama pale pale anasikia kila kitu. Nilisema kuliko nilivyowahi kusema na mtu yeyote maishani mwangu, na kwa Kiswahili changu chote.

Mjomba ndiye aliyenijibu. "La mtoto wa Wakongo ulilifunika kwa sababu ni rafiki zako. La kwetu unalikataa. Tumekuelewa, mama. Nenda."

Mama Divin alirudisha shuka mwenyewe, akamfunika mwanawe mpaka kidevuni, taratibu, kama anayelaza mtoto.

Niliandika barua ya kustaafu kabla ya wakati. Mliniuliza kwa nini, nikawajibu magoti. Magoti yangu hayana neno.

Mazishini kwa Divin nilikwenda. Nilikaa nyuma, hakuna aliyenifukuza. Jeneza lilikuwa wazi, na kola ya shati ilikuwa imekunjwa chini. Mtu wa nyumbani alikuwa amelirudisha jeraha mwenyewe, kwa rangi ya mdomo, nadhani, na wanja pembeni, kubwa mno, jekundu mno, limepinda upande ambao risasi haikupita. Ilikuwa kazi mbovu. Mwanafunzi wangu angeileta ningemrudisha akaifute. Wazee walipita wakafunika nyuso. Mama alikuwa amekaa kichwani kwa mwanawe, hatazami mtu. Kisha wakapita vijana, mmoja mmoja, wa kwanza mdogo wake Divin. Kila aliyepita alisimama akaitazama ile shingo. Usoni hakuna aliyemtazama.